Programu zinajifungua zenyewe kompyuta inapowashwa: nimezizima kwenye Startup, bado zinarudi

steshenari_moro ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, ya kutoa fotokopi, kuchapa kazi na kuwajazia wanafunzi fomu za maombi mtandaoni. Kompyuta ninayoitegemea zaidi ni ya mezani, yenye Windows 10, RAM ya GB 4 na diski ngumu ya zamani, ile inayozunguka. Kwa wiki tatu sasa, kila ninapoiwasha asubuhi hutokea mambo matatu ambayo sikuyaagiza, nami nayaeleza kwa mpangilio wake kwa sababu nimekaa nikiyatazama na saa mkononi.

Kwanza, mara tu baada ya kuingiza nenosiri, Chrome hufunguka yenyewe na kwenda moja kwa moja kwenye tovuti ya kubashiri mechi ambayo sijawahi kuitembelea. Pili, baada ya dakika moja hivi, dirisha jeusi huchomoza katikati ya skrini na kutoweka kabla sijasoma hata herufi moja. Tatu, na hili halitokei kila siku, kurasa nilizoziacha wazi jana yake hurudi zenyewe, zikiwemo kurasa za akaunti za wateja. Hilo la tatu linaniumiza kuliko yote, kwa maana mteja wa asubuhi anaona mambo ya mteja wa jioni.

Nilishafungua Task Manager kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nikaenda kwenye kichupo cha Startup na kuzima kila nisichokifahamu. Niliviacha vile tu ambavyo mtengenezaji wake ameandikwa Microsoft Corporation, kwa kuwa niliamini ni viungo vya mfumo wenyewe. Kompyuta ilipata wepesi kidogo, lakini yale matatu yako palepale. Fundi wa jirani ameniambia dawa ni kupiga Windows upya. Sikatai, ila nina programu ya hesabu za duka ambayo faili lake la kusakinishia sina tena, na ningependa kulijua tatizo kabla ya kubomoa nyumba nzima. Ikiwa kwenye Startup nimeshazima, ni nani anayeziwasha?

fundi_tanga amejibu:

Ndugu yangu, umeeleza vizuri, na hiyo saa uliyoishika ndiyo itakayotuongoza. Mambo yako matatu hayatoki mahali pamoja, ndiyo maana dawa moja haikuyagusa yote.

Orodha ya Startup huonyesha sehemu tu ya njia ambazo programu hupitia ili kujiwasha: folda ya Startup ya mtumiaji, folda kama hiyo ya watumiaji wote, na maingizo yaliyoandikwa kwenye rejista ya mfumo, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, chini ya ufunguo uitwao Run. Kazi zilizopangwa kwenye Task Scheduler, chombo cha Windows cha kupanga kazi zijiendeshe zenyewe, huzioni hapo, wala huduma zinazoanza pamoja na mfumo huzioni hapo.

Nianze na tovuti ya kubashiri. Umesema uliviacha vyote vyenye jina la Microsoft, nami nashuku kwamba mgeni wako amejificha hapohapo. Task Manager humtaja anayetekeleza amri, haitaji amri yenyewe. Mtu akiandika kwenye rejista amri ya kuitaka cmd.exe, programu ya Windows ya kutekeleza amri, ifungue anwani fulani, orodha itaonyesha jina Windows Command Processor na mtengenezaji Microsoft Corporation, na haitakuwa imedanganya, kwa sababu cmd.exe ni mali ya Microsoft kweli. Rudi kwenye kichupo kile, bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya juu ya vichwa vya safu, kisha uteue Command line. Itaongezeka safu inayoonyesha amri nzima. Ivute mpaka uone mwisho wake, usitosheke na jina la faili lililo mwanzoni, kwani ubaya huwa umekaa mkiani. Ukishaiona utuandikie hapa, ila anwani ya tovuti usiiweke kamili, mtu asije akaibofya.

Dirisha jeusi ni habari nyingine. Kitu kinachongoja dakika moja baada ya wewe kuingia huwa mara nyingi ni kazi iliyopangwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika taskschd.msc, kisha Enter. Upande wa kushoto bofya Task Scheduler Library, ile ya juu kabisa, na usianze kuzama kwenye folda za Microsoft zilizo chini yake, kwani humo mna kazi nyingi halali na utachoka bure. Kila kazi utakayoikuta pale juu, itazame kwenye vichupo viwili tu: Triggers, kinachosema inaanza lini, na Actions, kinachosema inafanya nini.

mwalimu_maabara amejibu:

Ninasimamia maabara ya kompyuta ya shule, na hilo la tatu limenisumbua mimi pia, kwa hiyo niruhusu nilishike mimi.

Kuna mambo mawili yanayofanana sana hapa. Chrome yenyewe ina mpangilio wa kuendelea pale ulipoishia, na ukiuwasha, kurasa za jana hurudi kila mara Chrome inapofunguliwa, awe ameifungua mtu au ameifungua yule mgeni wa ndugu fundi. Lakini wewe umesema halitokei kila siku. Kama chanzo kingekuwa mpangilio huo, na Chrome yako hufunguka kila asubuhi, kurasa zingerudi kila asubuhi. Kwa sababu hiyo namwona mhusika kuwa Windows. Tangu toleo la 1709, lililotoka mwaka 2017, Windows 10 inaweza kukumbuka programu zilizokuwa wazi wakati unazima na kuzifungua tena unapoingia. Siku unayofunga Chrome kwanza ndipo uzime, haina cha kukumbuka. Siku unayozima huku Chrome ikiwa wazi, labda umeme unasumbua au umechelewa daladala, ndiyo siku inayofuatwa na asubuhi ya aibu.

Fungua Settings, ingia Accounts, kisha Sign-in options, ushuke mpaka sehemu ya Restart apps na uizime. Katika Task Manager hutaikuta kamwe, kwa sababu si programu iliyosajiliwa kujiwasha, ni Windows inayorudisha kikao chako.

Na kwa ajili ya wateja wako, nakusihi uwafungulie dirisha la Guest la Chrome badala ya lile unalolitumia mwenyewe. Likifungwa, historia na kuingia kwao kwenye akaunti hufutika, na hata Windows ikirudisha kikao haitakuwa na akaunti ya mtu ya kuonyesha.

steshenari_moro amejibu:

Mwalimu na fundi, nawashukuru sana. Restart apps nilikuta imewashwa, nimeizima, na siku mbili hizi kurasa za jana hazijarudi.

Kuhusu tovuti, fundi umepiga palepale. Kulikuwa na mstari mmoja wa Windows Command Processor ambao nilikuwa nimeupita mara nyingi bila kuushuku. Safu ya amri ilisomeka hivi: C:\Windows\System32\cmd.exe /c start, halafu ile anwani ya kubashiri. Niliuzima, nikawasha upya, tovuti haikufunguka. Nikafurahi. Mchana umeme ulikatika, uliporudi nikaiwasha tena na tovuti ikafunguka kama kawaida. Nilipotazama Startup nilikuta mistari miwili yenye jina lilelile, mmoja umeandikwa Disabled na mwingine Enabled.

Kwenye Task Scheduler nimekuta kazi moja yenye jina linalotaka nione kuwa inasasisha programu fulani maarufu, lakini programu hiyo sina kwenye kompyuta hii. Triggers inasema At log on, ikicheleweshwa kwa dakika 1. Actions inasema powershell.exe -WindowStyle Hidden -File, kisha faili lenye mwisho wa .ps1 lililo ndani ya AppData\Roaming, katika folda ambayo jina lake ni herufi zilizovurugwa tu. Sijaigusa. Nifanye nini sasa?

fundi_tanga amejibu:

Umefanya vyema kutoigusa, maana hapa mpangilio wa hatua una uzito.

Hiyo mistari miwili imetueleza kila kitu. Ukizima ingizo kwenye Task Manager, halifutwi. Linabaki kwenye ufunguo wa Run kama lilivyo, na Windows huandika mahali pengine kwenye rejista, panapoitwa StartupApproved, kwamba ingizo lenye jina fulani lisiwashwe. Zuio hilo limefungamana na jina. Akitokea anayeandika amri ileile kwa jina jipya, Windows inaliona kama ingizo geni na kuliruhusu. Anayeliandika upya, kwa ushahidi ulioutoa, ni hiyo kazi iliyopangwa, na dirisha jeusi ni sura yake inapofanya kazi: PowerShell, programu nyingine ya Windows ya kutekeleza amri, ikiambiwa ijifiche, dirisha lake hutangulia kufunguka ndipo lifichwe, na wewe unakiona kile kipande cha sekunde kilicho katikati. Ndiyo sababu ulipozima mara ya kwanza ulipata nafuu ya kipindi kimoja tu. Kazi ilingoja dakika yake, ikaandika ingizo jipya, nalo likasubiri uwashe tena.

Kwa hiyo anza na kazi hiyo. Ibofye kwa kitufe cha kulia, uchague Disable, na usiifute bado, ili tuwe na la kurejea tukikosea. Baada ya hapo fungua regedit, kihariri cha rejista, na uende HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run. Kabla ya kufuta chochote, tumia File kisha Export kuhifadhi nakala ya ufunguo huo. Futa maingizo yale mawili tu, yenye cmd.exe na anwani ya tovuti. Kisha washa upya mara mbili, na kila mara uvumilie dakika tano kabla ya kutazama, kwa sababu kuwasha mara moja ndiko kulikokudanganya mwanzo.

Nina neno moja zito zaidi. Kinachoweza kuandika kwenye rejista yako kwa siri kinaweza kufanya mengine pia, na wewe watu wanakuja kwako kuomba mikopo ya elimu ya juu wakiandika nywila zao kwenye kibodi hiyo. Endesha Microsoft Defender Offline scan kutoka Windows Security. Kompyuta itajiwasha upya na kuchunguzwa kabla Windows haijapanda, kazi ya kama dakika 15, pengine zaidi kwa diski yako. Nywila zako mwenyewe, hasa za barua pepe na za fedha, zibadilishe ukiwa kwenye kifaa kingine, siyo hapo. Wateja uliowahudumia ndani ya wiki hizo tatu na unaowafahamu, waambie nao wabadilishe. Najua si jambo jepesi kumwambia mteja, lakini wana haki ya kujua.

dada_mifumo amejibu:

Naongeza machache. Kwa anayetaka kuona njia zote mahali pamoja, ipo programu iitwayo Autoruns kutoka Sysinternals, mkusanyo wa zana za Windows ambao Microsoft iliununua mwaka 2006. Haihitaji kusakinishwa, na inapatikana bure kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe; tafadhali msiichukue penginepo. Inaorodhesha Run, folda za Startup, kazi zilizopangwa, huduma na mengine mengi, pamoja na mahali faili lilipo. Ukiondoa alama ya tiki, ingizo linazimwa bila kufutwa. Ingizo ambalo faili lake halipo tena mahali palipoandikwa huwekewa rangi ya njano, na mengi ya hayo ni mabaki ya programu zilizoondolewa.

Pia kwa mwenye GB 4 na diski ya kuzunguka, ile safu ya Startup impact haifai kupuuzwa. Neno High humaanisha programu imetumia zaidi ya sekunde 1 ya muda wa prosesa au imesoma na kuandika zaidi ya MB 3 wakati wa kuwaka. Kwa kompyuta mpya hilo halisikiki, kwa yako programu tano za namna hiyo zinaweza kukuweka mlangoni ukimngojesha mteja.

Mwisho, Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa kompyuta inayopokea nywila za watu, naomba ulifikirie hilo mapema.

steshenari_moro amejibu:

Ndugu zangu, leo ni siku ya nne na asubuhi zote zimekuwa tulivu. Nilifuata mpangilio wa fundi hatua kwa hatua. Defender ilikuta faili lile la .ps1 na jingine moja, ikayaondoa yote. Nimekumbuka pia kwamba folda ile iliundwa siku niliyopakua programu ya kugeuza PDF kuwa Word kutoka tovuti isiyo ya mtengenezaji, nikibofya Next bila kusoma. Programu hiyo nimeiondoa. Wateja kumi na mmoja nimeshawapigia simu, na wengine naendelea kuwatafuta.

Limebaki jambo moja dogo. Tangu nilipozima vitu kwenye Startup, kitufe cha kuskani kwenye printa hakifanyi kitu. Nikiskani kutokea kwenye kompyuta kazi inakwenda, ila nikibonyeza kitufe cha printa, kimya.

fundi_tanga amejibu:

Hiyo ni programu ya printa uliyoizima pamoja na nyingine. Kitufe kile hutuma taarifa kwa programu inayosubiri ndani ya kompyuta, na kwa sasa hakuna anayesubiri. Rudi kwenye Startup, tafuta yenye jina la mtengenezaji wa printa yako, soma safu ya Command line uhakikishe inatoka kwenye folda yake ndani ya Program Files, kisha uiwashe. Ile kazi uliyoizima kwenye Task Scheduler sasa unaweza kuifuta.