Cooper Black kwenye fulana na bango: herufi zinaziba

Swali: Wakuu, nembo ya mgahawa nimeiandika kwa fonti ya Cooper Black. Bango liko safi, ila kwenye fulana matundu ya "a" na "e" yanajaa wino. Shida ni fonti au uchapaji?

Jibu 1: Vyote viwili. Oswald Cooper aliichora kwa matangazo, ikatolewa Chicago mwaka 1922. Unene umeachia matundu nafasi finyu, na wino husambaa kwenye kitambaa. Chini ya pointi 24 kwenye fulana usiitumie. Kwenye faili, punguza ukingo wa herufi kama milimita 0.2, chapa kipande cha majaribio, kisha angalia "e" kwanza, maana tundu lake ndilo huziba mapema. Na usibonyeze kitufe cha kukoleza! Fonti hii tayari ni nene. Programu itaongeza unene wa bandia na kumaliza matundu yote.

Jibu 2: Naongezea: miguu ya herufi zake ni ya mviringo, haikai bapa kwenye mstari. Ukiipanga na mchoro wa nembo kwa vipimo vya programu itaonekana inaelea, kwa hiyo ishushe kidogo kwa jicho. Herufi ndogo (a, b, c) ndiyo uzuri wake. Zikiwa kubwa tupu (A, B, C) zinasongamana. Menyu na bei weka fonti nyembamba isiyo na mapambo.

Jibu 3: Kabla ya kumtumia mchapaji faili, geuza maandishi yawe michoro, la sivyo kompyuta isiyo na fonti hiyo itaweka nyingine.