Naomba ushauri: fonti ya kizamani kwa kichwa cha bango

Habari zenu wakuu. Nimekwama, naomba mawazo yenu.

Natengeneza bango la onyesho la muziki wa zamani, saizi A2, na nataka kichwa kifanane na herufi zilizochorwa kwa brashi. Nilianza na fonti iitwayo Cooper Black. Ni ya 1922, na ule unene wake wa mviringo unapendeza, ila imetumika mno. Nikahamia Playbill, ile ya 1938 yenye vitako (vile vipande vya miisho ya herufi) vinene juu na chini. Bango likageuka tangazo la kumsaka jambazi kwenye sinema za kauboi.

Sasa nimepata fonti moja ya bure yenye mikwaruzo kama wino uliochakaa. Kwa mbali ni safi sana. Tatizo ni kwamba kila "a" ina doa lile lile mahali pale pale, na Kiswahili kilivyojaa "a", uongo unaonekana haraka. Halafu haina ritifaa, na kichwa changu kina neno "ng'ambo"! Nimeazima ritifaa ya fonti nyingine, ikakaa kama kiraka. Nimegeuza pia maandishi kuwa mchoro nikafuta madoa kwa mkono, lakini herufi moja inakula nusu saa.

Je, nitumie fonti safi kisha niweke mikwaruzo mwenyewe juu ya neno zima, au nitafute yenye maumbo mbadala ya kila herufi? Na leseni ikisema "matumizi binafsi", bango la onyesho lenye kiingilio linahesabiwa biashara?

Natanguliza shukrani.