Kazi ya chuoni Marekani au punguzo la karo?

Swali (Kisumu): Binti yetu ameitwa na vyuo viwili Marekani. Kimoja kinapunguza karo, kingine kinaahidi kazi chuoni. Tushike kipi?

Jibu (Nakuru): Punguzo. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, haruhusiwi kufanya kazi kupita saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Kwa kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu, dola 7.25 kwa saa, hiyo ni dola 145 kwa wiki kabla ya kodi. Pesa ya sabuni na vitabu, basi.

Jibu (Kakamega): Halafu mpango wa serikali ya Marekani wa kugharimia kazi za wanafunzi haumhusu mgeni; ulizeni kama chuo kinalipa kwa mfuko wake. Namba ya hifadhi ya jamii, ile ya mfanyakazi kwa ajili ya malipo na kodi, huombwa kwa barua ya mwajiri na ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni; malipo yanaweza kuchelewa, kwa hivyo abebe pesa za kuanzia.

Swali (Kisumu): Na punguzo lina mtego?

Jibu (Nakuru): Someni kama ni la miaka yote 4, na alama zikishuka linakatwa lini.