Naomba ushauri: Golf 4 inawaka na kuzima baada ya kubadilisha mita

Wakuu, habari za jioni. Nina VW Golf 4 ya 2001. Mishale ya mita ilikuwa imelala, nikafunga mita ya mtumba iliyotoka kwenye gari lililogongwa. Sasa nikipiga stata injini inanguruma sekunde moja tu inazima, na kitaa cha ufunguo kinapepesa. Kumbe immobilaiza (kinga ya wizi inayozima injini isipotambua ufunguo) ya gari hili imo ndani ya mita yenyewe! Fundi hakunitajia, hela kachukua.

Kati ya kuhamisha data za mita ya zamani (bado ninayo) na kusajili funguo upya kwa kompyuta, kipi salama? PIN (namba ya siri ya immobilaiza) sina. Halafu gari lina kilomita 214,000, mita inasoma 96,000. Nataka zisome zile za kweli, nisije kuitwa tapeli siku ya kuuza. Niko Dar.