Amonia 0.1M inasoma pH 11.1, mwalimu ashikilia nimeiharibu. Nisaidieni

Fundi_Kisauni
Assalaam aleikum wanajamvi. Mimi ni fundi wa maabara katika shule moja ya upili huku Kisauni. Niliambiwa niwaandalie Form Four kostiki soda 0.1M (yaani moli 0.1 kwa lita) na amonia 0.1M. Kostiki ikasoma pH 13, hakuna aliyeuliza. Amonia ikagota 11.1. Mwalimu, ambaye ni mgeni kwetu, ashikilia nimezidisha maji, niimwage nitengeneze upya. Na ile amonia kali imebaki chini ya chupa! Mita niliisawazisha kwa bafa (maji ya kulinganishia yenye pH inayojulikana) ya 7 na ya 10. Nimjibu vipi bila kumvunjia heshima?

BiKemia_Tudor
Waaleikum salaam. Usimwage kitu mwanangu, 11.1 ndiyo yenyewe. Kostiki ikiingia majini huachana yote, kwa hivyo 0.1M hukupa haidroksidi 0.1M, pH 13. Amonia ni besi dhaifu, Kb yake (namba ya nguvu ya besi) kwa nyuzi 25 ni 1.8 × 10⁻⁵. Zidisha kwa 0.1, tafuta kipeuo cha pili, wapata haidroksidi 0.00134M. Logi yake bila alama ya kutoa ndiyo pOH, 2.87; itoe kwenye 14, pH ni 11.13. Yaani katika molekuli 100 ni moja na ushei tu iliyochukua protoni ya maji. Zilizobaki ni NH₃ vile vile, ndiyo maana harufu yakupiga pua.

Dogo_Likoni
Samahani Bi, mbona basi kwenye titresheni (kutia asidi kidogo kidogo mpaka besi iishe) amonia 25 ml hula asidi 25 ml ya ukali uleule kama kostiki? Kama ni asilimia moja si ingekula kidogo tu?

Mzee_Biureti
Swali zuri hilo, dogo. Wewe wa Likoni waijua foleni ya feri: langoni waona watu wachache, lakini wakipita hao huja wengine, mpaka wote wavuke. Asidi ikimaliza haidroksidi zilizopo, amonia nyingine huachilia zake. Mita huhesabu walio langoni, titresheni huhesabu foleni nzima.

Fundi, hapo ndipo penye jawabu lako. pH ni shahidi mbovu wa ukali wa besi dhaifu: hata ungeiongezea maji mara kumi, ingeshuka hadi 10.6 tu, wakati kostiki ingetoka 13 hadi 12. Titreti 25 ml kwa asidi ya haidrokloriki 0.1M. Ukifika 25 ml, mjadala umekwisha. Rangi ya kuonyesha mwisho, tumia methili oranji. Fenolfthalini itakufisha moyo, rangi yapauka polepole kabla ya wakati, maanake mwisho wenyewe uko karibu na pH 5.3.

Fundi_Kisauni
Methili oranji ninayo. Na ikisimama 22 je?

Mzee_Biureti
Basi gesi imetoroka. Kwa joto letu hili chupa ya amonia ikifunguliwa mara kwa mara huwa si ile ya kwenye lebo tena. Ukali wa kiwandani ni kama asilimia 35, takriban 18M, lakini mimi siamini lebo ya chupa iliyokwisha kufunguliwa, hupima kwanza. Ifungue taratibu, dirisha wazi, uso mbali. Presha hujaa mle ndani.

BiKemia_Tudor
Fundi, mwite mwalimu kabla watoto hawajaingia. Kisha usititreti wewe, mwachie yeye afungue bomba la biureti (mrija wa kupimia asidi) na asome mwenyewe.