Tozo ya ujuzi (SDL) inalipwa kila mwezi, kijana anatoka chuoni hajawahi kushika mashine ya kuchomelea ya TIG!

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha.

Nasimamia karakana ya kuchomelea mabomba na matenki hapa Tanga. Kila mwaka napokea vijana wa vyuo vya ufundi. Vyeti wanavyo, adabu wanayo, hamu ya kazi wanayo. Mpe rodi akuchomelee geti, anachomelea. Mpe bomba la inchi 6, mwambie apige ruti, yaani mshono wa kwanza wa ndani, kwa TIG inayotumia gesi ya argon, anakuangalia tu. Mashine hiyo aliiona ubaoni. Argon chuoni hakuna, eti ghali. Chuma cha mazoezi ni vipande vilevile, vinachomelewa na kukatwa tena mpaka vinaisha.

Soko linataka fundi aliyefaulu jaribio la kuchomelea bomba liitwalo 6G. Bomba linafungwa kwa pembe ya nyuzi 45, halizungushwi, fundi ndiye anayelizunguka. Akimaliza, mshono unapigwa eksirei. Vitundu vya hewa vikizidi kipimo, nenda nyumbani.

Na hili halikutushtukiza! Uganda ilichagua njia ya Tanga kwa bomba la mafuta ghafi mwaka 2016. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ukaja 2022. Kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania, mwisho wake Chongoleani, hapa hapa kwetu. Miaka sita yote hiyo, vijana wetu wakaendelea kufundishwa madirisha.

Kinachoniuma zaidi ni hela. Mwajiri mwenye watu 10 na kuendelea analipa SDL kila mwezi, tozo ya kuendeleza ujuzi. Mwaka 2023 ikashushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara, waajiri wakashangilia. Sisi wa karakanani hatukuomba ipunguzwe. Tulitaka ifike kwenye mitungi ya gesi.

Msiniambie vijana wa siku hizi wavivu. Ninaye mmoja anabaki jioni wenzake wakiondoka, anajifunza kwa gesi ya kazini, na ndani ya miezi michache mshono wake umeanza kupita eksirei. Kichwa alikuwa nacho, mkono alikuwa nao. Mzazi wake aliuza shamba alipie ada, ya kufundishwa nini?

Walimu wa vyuo mliomo humu, argon iliingia kwenu lini mara ya mwisho? Mkuu wa chuo aliwahi kumuuliza mwajiri yeyote anahitaji fundi wa namna gani? Na mwenye mchanganuo wa SDL, shilingi ngapi zinafika karakana ya chuo, auweke hapa tuuone.