Nimeuziwa sidii ya Krismasi ya Jim Reeves, na Jim Reeves mwenyewe hayumo!

Wadau, niacheni niseme, maana jambo hili limenikaa kooni tangu juzi. Nilitoa shilingi 1,500 katika duka moja la muziki mjini, nikanunua sidii ya Krismasi ya Jim Reeves, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, ya kumpelekea baba. Kwenye jalada kuna picha yake, suti na tabasamu lile lile, na jina lake kwa herufi kubwa. Ndani anaimba mtu mwingine kabisa! Maneno ya kusema hivyo wameyaficha nyuma, madogo kuliko yale ya karatasi ya dawa: nyimbo "zilizovumishwa na" Jim Reeves.

Nyumbani tulikuwa na santuri yenyewe, Twelve Songs of Christmas, iliyotoka 1963. Julai mwaka uliofuata, ndege ndogo aliyokuwa akiirusha Jim mwenyewe ilianguka karibu na Nashville, mji wa muziki wa kantri huko Marekani, akafa akiwa na miaka 40. Upande wa kwanza wa santuri ile ni wa shangwe, kengele na polka. Upande wa pili unatulia kidogo kidogo hadi kwenye nyimbo za kanisani, na wa mwisho kabisa ni Silent Night. Jioni ya tarehe 24 baba alikuwa akimaliza kukamua, ananawa, anaweka upande wa pili. Sisi watoto hatukuthubutu kuongea mpaka sindano ifike katikati. Santuri hiyo ilipasuka tulipohama, na tangu hapo mzee huulizia kila Desemba.

Jim hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alisogeza mdomo karibu kabisa na maikrofoni akaimba chini chini, utadhani anakwambia wewe peke yako. Chet Atkins, aliyemsimamia studio, alijua kuiachia sauti ile nafasi. Ndio uliokuwa mtindo wa Nashville wa siku zile: fidla za kijijini zilipunguzwa, wakaletwa waitikiaji wa sauti laini.

Sasa hii niliyouziwa! Silent Night imetiwa midundo ya kinanda cha umeme, ile ya kuchezea harusini. Mwimbaji anaimbia puani, eti ndiyo kantri. O Little Town of Bethlehem inakatika katikati ya ubeti wa pili. Na nyimbo ni 10, si 12.

Nilirudi dukani na risiti mkononi. Kijana wa kaunta akanijibu, "Mama, si nyimbo ni zile zile? Krismasi ni Krismasi." Halafu akasema sidii ikishafunguliwa hairudishwi. Ningejuaje kilichomo bila kuifungua?

Na tafadhali asije mtu hapa kunieleza kwamba hata kampuni yake iliongeza vyombo kwenye kanda zake baada ya kifo. Najua. Distant Drums ilikuwa rekodi ya majaribio tu, wakaitilia vyombo, ikashika namba moja Uingereza mwaka 1966. Lakini aliyeimba alikuwa yeye! Hilo ndilo ninalolipigia kelele.

Sina ugomvi na anayeziimba upya. Silent Night ilianzia Oberndorf, Austria, mwaka 1818, kwa gitaa, na tangu hapo kila kwaya duniani imeiimba. Weka picha yako, andika jina lako, nikikupenda nitanunua. Lakini kuchukua uso wa marehemu ukauzia sauti yako ni wizi, na anayeibiwa zaidi ni mzee wa miaka 81 anayeijua sauti ile kuliko ya jirani yake. Nilipomwekea, alisikiliza labda nusu dakika. Akaniambia, "Mwanangu, huyu si yeye," akaenda nje kuangalia ng'ombe. Hakunilaumu, na hapo ndipo niliumia zaidi.

Kama mnanunua, ombeni muwekewe hapo hapo dukani kabla ya kulipa. Msitazame picha. Hesabuni nyimbo, someni maandishi ya nyuma kwa tochi ya simu ikibidi, na mkiona "zilizovumishwa na" rudisheni kwenye rafu.

Mimi Jumatatu narudi pale na sitoki bila pesa zangu. Aliye na santuri ya zamani isiyo na mikwaruzo, au sidii yenye nyimbo zote 12 na sauti yake halisi, aniandikie. Nitalipa vizuri, na nauli ya kuifuata nitajitolea mwenyewe, ila iwe mkononi mwangu kabla ya tarehe 24.